Saratani ya ulimi kwa kijana wa miaka 33: je, umri unampunguzia nafasi ya kuishi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 33, ni fundi seremala. Havuti sigara wala hanywi pombe. Alitokewa na kidonda pembeni mwa ulimi, kikakaa kama miezi minne huku akitibiwa kwamba ni jino linamkwaruza. Mwezi uliopita wakakata kinyama, majibu yametoka kuwa ni saratani. Mama yetu mkubwa naye aliugua saratani ya shavu akiwa na miaka 70, alikuwa mlaji mkubwa wa tambuu. Alipasuliwa, akaishi miaka tisa, na alipofariki ilikuwa ni presha. Sasa ndugu wanasema ya mzee inatembea polepole, lakini ya kijana ni ya moto, damu yake inaichochea, na ukiigusa kwa kisu ndiyo unaiamsha. Wanasema tusiuze kiwanja bure. Naomba ukweli: aliyegunduliwa akiwa kijana ana nafasi ndogo ya kuishi kuliko mzee?"

Marahaba, dada. Poleni sana nyumbani, na kaka mfikishie pole zangu.

Nianze na jibu lenyewe. Hapana. Miaka 33 peke yake haimpunguzii kaka yako nafasi ya kuishi. Tukimweka kando ya mzee wa miaka 70 mwenye uvimbe wa ukubwa uleule, ulioingia kina kilekile, na shingo iliyo katika hali ileile, kaka yako hayuko nyuma, na takwimu nyingi zinamweka mbele. Kitakachoamua ni milimita za kina cha huo uvimbe, hali ya tezi za shingo, na wiki zitakazopita kati ya leo na siku atakayoingizwa chumba cha upasuaji. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo lililo mikononi mwenu. Ndiyo maana maneno ya "tusiuze kiwanja bure" yamenitia hofu kuliko majibu ya maabara.

Lakini ndugu zako hawakuyaokota hewani maneno yao. Kwa miaka mingi hata sisi madaktari tuliandika hivyohivyo. Hospitali moja ingekusanya vijana wake ishirini wa miaka thelathini iliyopita, ikakuta wengi wamefariki, ikaandika kwamba saratani ya ulimi kwa vijana ni kali kupita kiasi. Tatizo ni kwamba vijana ni wachache: kwa desturi, wagonjwa wa chini ya miaka 40 ni kama 5 katika kila 100. Kwenye kundi dogo namna hiyo, vifo vitatu vinapindua hesabu nzima. Isitoshe, kifo cha kijana mtaa mzima hukumbuka. Aliyepona hurudi kazini, huoa, hupata watoto, na baada ya miaka kumi hakuna tena anayemtaja kuwa aliwahi kuugua saratani. Mimi mwenyewe sura za vijana niliowapoteza ninazo zote. Waliopona wakinisalimia sokoni, wengine inabidi wanikumbushe majina.

Baadaye watafiti walianza kulinganisha kama kwa kama: kila kijana anatafutiwa mzee mwenye uvimbe wa sehemu ileile, wa hatua ileile (yaani ulioenea kiasi kilekile), aliyepewa tiba ileile. Hapo tofauti iliyokuwa ikitisha ikaanza kuyeyuka. Tafiti nyingi za namna hiyo zilikuta vijana wanaishi sawa na wazee, au zaidi yao. Sitakuficha kwamba zipo zilizokuta saratani ya ulimi ya vijana inarudi zaidi, hasa kinywani penyewe au shingoni. Mimi nazichukulia kwa uzito, na hili litamgusa kaka yako kwenye ufuatiliaji baada ya tiba, nitalifikia. Ila hakuna hata moja inayompa mtu sababu ya kukataa kupasuliwa. Kama ugonjwa una tabia ya kurudi, ndiyo sababu ya kuung'oa kwa ukamilifu mara ya kwanza.

Kuna jambo la kuhesabu ambalo ukilielewa, nusu ya mabishano ya nyumbani kwenu yataisha. Mtu anaposema "wagonjwa 60 kati ya 100 wanaishi miaka mitano", muulize: wale 40 walikufa kwa nini? Mchukue mama yenu mkubwa. Tuseme presha ile ingemchukua mwaka wa nne baada ya upasuaji badala ya wa tisa. Kwenye hesabu ya vifo vyote, angeandikwa amekufa ndani ya miaka mitano, na saratani ya wazee ingeonekana mbaya zaidi kwa mtu mmoja. Kwenye hesabu ya vifo vya saratani peke yake, angeandikwa ameishinda. Mwanamke yuleyule, kaburi lilelile, majibu mawili. Wazee wana moyo, wana figo, wana kisukari, wanaanguka na kuvunjika nyonga, na yote hayo huingia kwenye vifo vyote. Vijana hawana mzigo huo. Kwa hiyo ukihesabu vifo vyote, vijana huonekana wako mbele sana. Ukihesabu vifo vya saratani tu, pengo hupungua. Nikisoma utafiti wowote kuhusu umri na saratani ya kinywa, jambo la kwanza ninalolitafuta ni hilo, wamehesabu kifo gani.

Mtego mwingine ni wa mahali. Saratani ya koo, kwenye mafindofindo na shina la ulimi kule nyuma kabisa, mara nyingi huchanganywa na saratani ya kinywa katika jedwali moja. Hizo za koo, hasa katika nchi za Magharibi, nyingi husababishwa na virusi vya HPV, ndivyo vilevile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Huwapata watu wenye umri mdogo kidogo kuliko wavutaji sigara, na hupona vizuri zaidi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2010, wenye saratani ya koo iliyobeba virusi hivyo, 82 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya 57 kati ya kila 100 wasio navyo. Sasa mtu akichanganya kapu hilo na saratani za sehemu ya mbele ya ulimi, atatoka na picha nzuri kupita kiasi kuhusu walio na umri mdogo. Kidonda cha kaka yako, kwa ulivyonieleza, kiko pembeni mwa ulimi, sehemu inayoonekana akiutoa nje. Hapo HPV mara chache ndiyo chanzo. Nambari za koo zisiwape matumaini ya bure, wala zisiwavunje moyo. Si ugonjwa wake.

Sasa hatua. Hapa ndipo penye uzito wote, kwa hiyo nivumilie.

Takwimu za kitaifa za Marekani, zinazochanganya kinywa na koo, zinaonyesha hivi: ugonjwa ukikutwa bado uko palepale ulipoanzia, zaidi ya 80 kati ya 100 huvuka miaka mitano. Ukiwa umefika kwenye tezi za jirani, ni karibu 70. Ukiwa umeruka hadi mapafuni au kwingine mbali, ni chini ya 40. Ile 70 ya katikati imenyanyuliwa na wagonjwa wa koo wenye HPV. Kwa saratani ya kinywa halisi, sisi wapasuaji tuna kanuni ya kale ambayo bado inashika: tezi moja ya shingo ikiwa na saratani, nafasi ya kuishi inashuka karibu nusu. Nusu, dada. Hakuna tofauti ya umri katika kitabu chochote nilichosoma inayofikia uzito wa tezi moja.

Tezi hiyo huingiliwa kwa kufuata kina. Zamani tulipima upana wa kidonda tu, kwa rula, kama unavyopima ubao. Tangu toleo la nane la kanuni za kupanga hatua, lililoanza kutumika Marekani Januari 2018, tunapima pia uvimbe umezama kiasi gani ndani ya nyama. Usiozidi milimita 5 ni habari njema. Kati ya 5 na 10, tunaanza kuihofia shingo. Ukipita milimita 10, unahesabiwa wa hatua ya tatu hata kama juu unaonekana mdogo. Ulimi ni msuli mtupu, wenye damu nyingi na mishipa mingi ya limfu (maji ya mwili yanayopita kwenye tezi), nao haupumziki: unaongea, unameza, unasukuma tonge. Saratani ikishazama humo, njia ya kuelekea shingoni ni fupi. Shavu la mama mkubwa lina tabia zake pia, lakini ulimi na shavu havilinganishiki moja kwa moja. Mnapowalinganisha wawili hao kwa umri, mnalinganisha viungo viwili tofauti, vyanzo viwili tofauti, na pengine hatua mbili tofauti.

Kwa hiyo usimuulize daktari "kijana ataishi?" Muulize: kina ni milimita ngapi? Tezi zinaonekanaje kwenye picha ya CT au MRI? Na kama hajagusia shingo, muulize ana mpango gani nayo. Hilo la shingo nalisisitiza kwa sababu hata pale ambapo mkono hauhisi uvimbe na picha haionyeshi kitu, wagonjwa kama 20 hadi 30 kati ya 100 wenye saratani ndogo ya ulimi huwa tayari wana chembe zake zilizojificha kwenye tezi. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ililifanyia kazi swali hili kwa uangalifu mkubwa. Waligawa wagonjwa wa saratani za kinywa za hatua za awali makundi mawili: kundi moja waliondolewa tezi za shingo sambamba na uvimbe, jingine walisubiriwa hadi tezi ivimbe ndipo ziondolewe. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, kundi la kwanza walikuwa hai 80 kati ya 100. La pili, 67 na nusu. Tofauti ya watu kumi na wawili katika kila mia, kwa uamuzi mmoja tu wa chumba cha upasuaji. Watu wanaogopa kovu la shingo, na kijana huliogopa zaidi. Mwambie kaka kovu hilo hukaa kwenye mkunjo wa ngozi, na shati lenye kola linalifunika.

Haya ya "kuiamsha kwa kisu" nimeyasikia tangu nikiwa mwanafunzi, Muheza, Pangani, hata kwa watu waliosoma. Yanatoka kwenye kitu ambacho watu wamekiona kwa macho: mtu anapasuliwa, miezi mitatu baadaye anafariki. Wasichokiona ni kwamba alipelekwa amechelewa, ugonjwa ukiwa tayari shingoni na mapafuni, na kisu kilimkuta njiani. Huku kwetu wagonjwa wengi hutufikia katika hatua ya tatu na ya nne, kwa hiyo mifano ya namna hiyo haiwezi kukosekana. Kukata kinyama hakuiamshi saratani. Haikuwa imelala hata siku moja. Ilikuwa macho kwa miezi minne yote ile aliyokuwa akisukutua maji ya chumvi.

Hiyo miezi minne ndiyo njia halisi ambayo umri humdhuru kijana. Mzee mlaji tambuu akija na kidonda shavuni, hata muuguzi wa zahanati anashtuka. Kijana asiyevuta sigara akija na kidonda ulimini, kila mtu anaona jino lenye ncha, au upungufu wa vitamini, au fangasi. Anapewa dawa ya kusukutua, anarudi, anapewa antibiotiki, anarudi tena. Nimempokea binti wa miaka 29 aliyezunguka hivyo miezi saba. Kanuni yetu ni rahisi, na ningependa ibandikwe kwenye kila chumba cha daktari wa meno: kidonda cha kinywani kisichopona ndani ya wiki mbili hadi tatu, baada ya kuondoa kinachokikwaruza, kikatwe kinyama, awe mtu ana miaka 20 au 80. Kitu pekee kilichofanya saratani ya kijana ionekane "ya moto" kwa wengi niliowaona ni kwamba ilipewa muda wa kukoka.

Umesema havuti wala hanywi. Hilo linawezekana kabisa. Marekani, takwimu za mwaka 1975 hadi 2007 zilionyesha saratani ya ulimi ikiongezeka kwa wanawake weupe wa miaka 18 hadi 44, wakati saratani nyingine za kinywa zikipungua, na chanzo chake hakijafahamika mpaka sasa. Hata hivyo, kaa naye faragha umuulize taratibu kuhusu vitu ambavyo watu hawavihesabu kuwa sigara: ugoro, tumbaku ya kuweka mdomoni, pakiti za kutafuna zenye popoo ndani yake. Pwani tuna neno "uraibu", ambalo leo tunalitumia kwa kila mazoea mabaya. Asili yake ni tambuu lenyewe na vikolezo vyake, popoo, chokaa na tumbaku. Popoo peke yake, bila tumbaku, inasababisha saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliithibitisha hivyo mwaka 2004. Kama yupo kwenye mojawapo, aache leo. Mwili wa anayeendelea hupona vibaya kwa mionzi, na ugonjwa mpya hupata pa kuanzia.

Apimwe pia virusi vya UKIMWI kama hajapimwa, kwa kuwa kinga ikishuka mambo haya huja mapema na tiba hupangwa tofauti. Kuna pia ugonjwa adimu wa kurithi uitwao anemia ya Fanconi, ambao huwaletea vijana saratani za kinywa. Wenye nao kwa kawaida wana historia ya damu pungufu tangu utotoni, wengine kimo kifupi au kasoro za vidole gumba. Muhimu kuutaja kwa daktari kama kuna dalili hizo, kwa sababu miili yao haivumilii mionzi na dawa za kemikali kama ya wengine. Nje ya hapo, saratani hii hairithiwi kama rangi ya macho. Mama mkubwa alikuwa na tambuu lake. Kuwa wawili katika ukoo mmoja hakumaanishi damu yenu ina laana.

Ngoja nirudi kwa wazee kidogo, kwa kuwa katika maneno ya ndugu zako kuna upande wa pili ambao unaua watu kimyakimya: kwamba mzee ugonjwa wake unatembea polepole, basi aachwe. Mama yenu mkubwa hakuachwa. Alipasuliwa, ndiyo maana mna miaka tisa ya kuisimulia. Nimeona familia nyingi zikimrudisha nyumbani mzee wa miaka 74 anayelima shamba lake mwenyewe, eti "mzee atapasuliwa wa nini". Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeasisi elimu ya uchambuzi wa nafsi, aligunduliwa saratani ya taya la juu na kaakaa mwaka 1923 akiwa na miaka 66. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara nene za majani ya tumbaku. Alipasuliwa zaidi ya mara thelathini, akaishi na kiungo bandia kinywani kilichomtesa, na akafariki London mwaka 1939, akiwa na miaka 83. Alifanya kazi karibu mpaka mwisho. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, lakini miaka kumi na sita ni mingi mno kunyimwa mtu kwa kutazama cheti chake cha kuzaliwa.

Kwa mzee, umri hubadilisha tiba zaidi ya unavyobadilisha ugonjwa. Uchambuzi uliojumlisha majaribio zaidi ya 90 na wagonjwa zaidi ya 17,000 wa saratani za kichwa na shingo ulionyesha kwamba dawa ya kemikali ikiongezwa kwenye mionzi huongeza uhai, ila faida hiyo hupungua kadiri umri unavyopanda, na baada ya miaka 70 haionekani tena. Kwa hiyo mzee wa miaka 75 akipewa mionzi bila sisplatini (dawa hiyo ya kemikali), hajatelekezwa. Lakini akinyimwa upasuaji wakati moyo na mapafu yake yanamudu, hapo amenyimwa haki. Tunampima kwa jinsi anavyotembea, anavyokula, uzito uliopungua, dawa anazomeza, kama anajitambua na kujihudumia. Mzee wa 78 anayepanda ngazi bila kuhema ananipa wasiwasi mdogo kuliko mtu wa 58 mwenye kisukari kisichodhibitiwa na kilo kumi alizopoteza kwa kushindwa kumeza.

Kaka yako ana moyo wa fundi seremala wa miaka 33. Hii ndiyo faida yake, na itumike yote. Anaweza kubeba upasuaji kamili wa ulimi na shingo, kujengewa sehemu iliyoondolewa kwa nyama ya mkono au paja ikihitajika, na mionzi baadaye. Kama ripoti ya baada ya upasuaji itaonyesha saratani imetoboa ganda la tezi, au kingo za nyama iliyokatwa bado zina chembe zake, anahitaji mionzi pamoja na sisplatini. Majaribio mawili makubwa ya mwaka 2004, moja la Ulaya na jingine la Marekani, ndiyo yaliyotuongoza hapo. Kijana humaliza dozi ambazo mzee hukatiza katikati. Mionzi ianze ndani ya wiki sita tangu siku ya upasuaji. Familia nyingi hupumua baada ya kisu, zinarudi nyumbani kupumzika, zinasema tutakwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road baada ya sikukuu. Nafasi ya mionzi iombwe mapema, kabla hata nyuzi hazijatolewa.

Kuna gharama za ujana ambazo mzee hazilipi, na nataka kaka azijue sasa. Ana miaka arobaini au hamsini ya kuishi na kile tutakachokiacha kinywani. Kabla ya mionzi, amwone daktari wa meno. Meno mabovu yaliyo kwenye njia ya mionzi yang'olewe kwanza, na vidonda vipone, maana taya lililopigwa mionzi likija kung'olewa jino baadaye linaweza kuoza mfupa. Mate yatapungua. Misuli ya taya hukaza, kwa hiyo mazoezi ya kufungua kinywa aanze mapema, kila siku, hata yanapouma. Kama hajapata watoto na anawataka, aliseme kabla ya dawa ya kemikali kuanza, kwa kuwa sisplatini inaweza kupunguza nguvu ya mbegu. Huduma ya kuzihifadhi ipo kwenye baadhi ya kliniki za uzazi jijini. Dawa hiyohiyo hugusa masikio na figo. Kwa fundi anayefanya kazi na randa na msumeno wa umeme siku nzima, masikio yapimwe kabla, apate pa kulinganishia.

Sasa ule ufuatiliaji niliouahidi. Saratani ya kinywa ikirudi, mara nyingi sana hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza. Kwa hiyo mwaka wa kwanza aonwe kila mwezi mmoja hadi mitatu, wa pili kila miezi miwili hadi sita, kisha kila miezi minne hadi minane mpaka mwaka wa tano, na baada ya hapo mara moja kwa mwaka. Vijana ndio wanaoongoza kwa kuacha kliniki. Anajisikia mzima, yuko kazini, nauli ya Dar es Salaam inauma, anasema mwezi ujao. Kwa kuwa zile tafiti zinazosumbua zinasema ulimi wa kijana huenda ukarudisha ugonjwa shingoni zaidi, kijana ndiye asiyepaswa kukosa hata tarehe moja. Mfundishe mtu wa nyumbani kumpapasa shingo kila Ijumaa. Tezi ya ukubwa wa punje ya harage ikikamatwa mapema bado inatibika. Ya ukubwa wa limao ni habari nyingine.

Kuhusu kiwanja. Siwezi kuamua mali ya ukoo nikiwa mbali, lakini msiuze wiki hii kwa pupa, na msiahirishe safari kwa kusubiri mnunuzi. Ombeni rufaa hapo hospitali ya Bombo ya kwenda hospitali ya Muhimbili, idara ya upasuaji wa kinywa, taya na uso. Mkifika, kabla ya kulipa chochote kikubwa, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaeleze hali yenu. Wao ndio wanaoshughulikia maombi ya msamaha wa gharama, na kila siku naona watu wakiuza mashamba bila kujua kwamba mlango huo upo. Bebeni ripoti ya maabara halisi na nakala yake. Ombeni pia maabara iliyopima iwape kile kipande cha nyama kilichohifadhiwa kwenye nta, kwa sababu huko wanaweza kutaka kukisoma upya, na kukata kinyama kingine kutamlia wiki mbili ambazo hana.

Na wewe dada, pamoja na mama, simameni mlangoni asubuhi kwenye mwanga, kila mmoja amwangalie mwenzake kinywani: chini ya ulimi, pembeni, ndani ya mashavu, ufizi wa nyuma. Mnatafuta utando mweupe usiofutika, doa jekundu, au kidonda kisichouma. Kama mama naye anatafuna tambuu, mkiondoka kwenda Dar es Salaam mchukueni, aonwe siku hiyohiyo.